Bilauri za Shangazi na Upepo wa Risasi

Risasi ina vitu viwili: chuma na upepo. Chuma huzuiwa na fulana, ile nzito wanayovaa askari, lakini upepo hauzuiliki. Fulana ikishakidaka chuma, upepo hupenya kimya kimya na kuingia kifuani, kisha huanza kuzunguka mwilini ukitafuta mlango wa kutokea. Huzunguka begani, hushuka mpaka unyayoni, hupanda tena. Ukipata mlango salama, alhamdulillahi. Ukikutana na moyo kabla ya mlango, watu wako na waanze kutafuta sanda.

Hayo niliyaamini mimi, mtu mzima mwenye mke, watoto na ndevu, na cheti cha kidato cha nne juu yake. Wala sikuyaamini kwa nusu. Niliyaamini kama ninavyoamini kwamba feri ya Likoni itachelewa.

Aliyenifunza alikuwa mwenzangu wa lindo, jamaa wa kutoka bara. Tulikuwa tukilinda bohari la matairi huko Magongo, yeye geti la nyuma na mimi geti la mbele. Alidai ana mjomba jeshini, na mjomba huyo alikuwa na habari za kila kitu kinacholipuka.

"Buda, kulikuwa na askari mmoja hapa hapa Changamwe," aliniambia siku moja tukiwa tumekaa kibandani. "Alipigwa risasi akiwa na fulana. Akacheka, akaenda nyumbani, akala, akalala. Wiki haijaisha, akapiga chafya."

"Halafu?"

"Chafya ikatoka na mlio wa bunduki. Majirani wote wakalala chini."

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye ndiye hakuinuka."

Mtu mwingine angecheka. Tatizo langu mimi lilikuwa elimu. Nilisoma shule ya jioni, ile ambayo wenye kejeli huiita ngumbaru, na watoto wangu walikuwa wakisoma asubuhi vitabu vile vile nilivyokuwa nikivisoma mimi jioni. Sasa mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametufundisha kwamba nguvu haipotei, hubadilika umbo tu. Somo hilo nililishika mpaka leo, kwa kuwa ndilo peke yake nililolielewa siku ile ile lilipofundishwa. Basi nikapiga hesabu yangu: risasi inakuja na nguvu ya kumwangusha ng'ombe, fulana inaisimamisha ghafla, nguvu imekwenda wapi? Haikupotea. Basi iko ndani ya mtu. Mwenzangu alileta uvumi, mimi nikautilia msingi wa kisomi.

Kampuni ilitupa fulana moja kwa lindo zima, avae anayekaa geti la mbele, yaani mimi. Ilikuwa na uzito wa beberu aliyeshiba. Walinzi wote waliotutangulia walikuwa wameacha jasho lao ndani yake, hata mbu walikuwa wakifika karibu wanageuza. Zamu ikiisha, fulana ilitundikwa kwenye msumari ukutani pale kibandani. Huo msumari uweke akilini, maana nusura unipeleke jela.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, baada ya adhuhuri, jua limekalia mabati ya bohari kana kwamba lina kesi nayo. Karani alikuwa ameenda kula. Mwenzangu alikuwa ametoka kununua chapati na maharagwe. Kamera ya getini ilikuwepo, lakini ilikuwa ya kutishia watu tu, haikuwa na waya hata mmoja. Ikaja pikapu, akashuka kijana aliyevaa kizibao cha kung'aa kama cha wafanyakazi wa barabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Wallahi sijawahi kuona jambazi mwenye adabu kama yule. Nilimwomba karatasi ya kuingilia, akanionyesha bastola. Mimi si mbishi. Mikono niliinua mara moja, tena juu kabisa. Nilichosahau ni kwamba mkono mmoja ulikuwa na rungu. Kijana akaona rungu linapaa, akababaika, akafyatua.

Nilihisi kama nimegongwa kifuani na mkokoteni uliosheheni mitungi ya maji. Nikaenda chini, na nilipofika chini nikaamua kubaki huko huko. Nilikufa vizuri sana siku ile. Nzi alinitua puani nikamwacha atembee. Wenzake kijana walibeba matairi wakipita juu yangu, na mmoja wao aliponikanyaga mguu akasema, "Pole, mzee," nami nikajizuia kumjibu ahsante.

Walipoondoka, nilikaa kitako na kujipapasa. Damu hakuna. Nikaivua fulana, na kwa mazoea ya miaka nikaitundika pale pale msumarini. Mwenzangu akarudi na chapati zake, akakuta geti wazi na mimi nimefungua shati natazama kifua. Juu ya moyo, palipokuwa na mfuko wa shati, palikuwa na wekundu wa ukubwa wa chungwa.

Akaenda kwenye fulana, akatia kidole katika tundu lililokuwa kwenye kitambaa cha nje. Akakuta risasi imekwama humo, imebapa kama kifuniko cha soda.

"Chuma hiki hapa," akasema. Kisha akanigeukia taratibu. "Upepo je?"

Tukatazamana. Chapati zilimponyoka mkononi, na hilo peke yake lilinitosha kujua mambo ni mazito.

"Buda, toka hapa! Nenda ukatolewe huo upepo sasa hivi. Mimi nitawapigia wakubwa."

Na kweli aliwapigia. Alipoulizwa mlinzi wa geti la mbele yuko wapi, alijibu: "Amepigwa risasi ya kifua, ameenda nyumbani." Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, lakini hebu yasome tena uone kama kuna mkubwa ambaye angeyaamini.

Mimi wakati huo nilikuwa njiani kwenda Likoni. Nilivuka kwa feri nimejikumbatia kifua kwa mikono miwili, nisije nikachanganya upepo wa ndani na wa bahari.

Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Yeye hufanya hijama. Nusu ya migongo ya Likoni imepita mikononi mwake. Huwasha kipande cha pamba, hukizungusha ndani ya bilauri mpaka ipate joto, kisha huibandika bilauri mwilini, nayo ikaivuta ngozi juu kama mtoto anayenyonya. Hachanji, kwa sababu yeye mwenyewe akiona damu huzimia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umejikumbatia kama bibi harusi?"

"Nimepigwa risasi."

"Imeingia?"

"Chuma hakikuingia. Ulioingia ni upepo."

Hakuuliza upepo gani. Kwake yeye upepo ni maradhi kama maradhi mengine. Ametoa upepo wa kiuno, wa magoti, wa mabega ya makuli wa bandarini. Huu wa risasi ulikuwa mteja mpya tu.

"Lala hapo," akaniambia.

Basi akanibandika. Kifuani, mbavuni, mgongoni, begani, kila mahali upepo ungeweza kupita akauwekea mtego. Bilauri kubwa kuliko zote, iliyokuwa ya jamu, akaiweka pale pale penye wekundu.

"Ulipoingilia ndipo utakapotokea," alisema.

Mke wangu alikuja akasimama mlangoni, amejishika kiuno. Nilimweleza yaliyonipata. Kwanza alikaa chini akalia, kisha alipoona niko mzima akafuta machozi na kunitazama vizuri.

"Baba watoto," akasema, "umekuwa kama meza ya harusi."

Asubuhi nilikwenda kazini nikitembea kama shujaa. Nilitarajia kukuta wenzangu wamejipanga kunipa mkono. Nilikuta meneja na afisa wa upelelezi wamesimama kibandani, wanatazama msumari.

"Ulipigwa wapi, mzee?" afisa akaniuliza. Alikuwa mtu mtulivu wa kuongea polepole.

"Kifuani, afande."

"Fungua tuone."

Nikafungua shati kwa mbwembwe. Kifua changu kilikuwa na miduara ya zambarau kutoka kola mpaka kitovuni.

"Walikuwa wangapi waliokupiga?"

"Mmoja, afande."

"Na hizi nyingine zote?"

"Hizo za shangazi."

Meneja akapiga kofi ukutani. "Umeona? Huyu hakupigwa na mtu! Fulana ilipigwa risasi ikiwa imetundikwa hapa hapa. Wenzake walipiga ukuta, yeye akawafungulia geti, akaenda kwao kunywa chai. Halafu akajibandika madoa ili tumhurumie!"

Nilitaka kuapa, nilitaka kucheka, nilitaka kumwonyesha jinsi nilivyolala chini na nzi puani. Lakini kwa mara ya kwanza nilijitazama kwa macho ya mtu mwingine, na wallahi, hata mimi sikujiamini.

Afisa akafunga kalamu yake. "Mzee, yuko daktari wa serikali anayesoma majeraha ya risasi. Nitakupeleka kwake, wewe na fulana. Akisema ulikuwa ndani ya fulana ilipopigwa, wewe ni shahidi wangu. Akisema fulana ilikuwa tupu, nitakushtaki pamoja na hao wezi."

Daktari huyo kazi yake kubwa ni maiti. Walio hai hupelekwa kwake mmoja mmoja, kwa hiyo chumba chake kiko ubavuni mwa mochari. Mtu wa mlangoni alinipokea kwa upole.

"Pole sana. Umekuja kumchukua nani?"

"Sikuja kuchukua mtu. Nimeletwa mimi."

Akanipima kwa macho kutoka juu mpaka chini. "Wewe umewahi," akasema, akanifungulia.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi. Alivaa glavu, akanikalisha chini ya taa, akaanza kunitazama kama mtu anayetafuta mchanga katika mchele. Kila duara aliliwekea rula ndogo pembeni na kulipiga picha. Mimi nikipigwa picha hucheka, ndivyo nilivyoumbwa.

"Usicheke, baba. Kifua kikicheka, alama inasogea."

Aliniuliza nilisimama vipi, yule kijana alisimama wapi, mikono ilikuwa wapi. Nilipofika kwenye rungu, afisa aligeuka akatazama dirishani, mabega yakimtikisika. Kisha daktari akauliza, "Ndani ya fulana ulivaa nini?"

"Shati la kazi."

"Hili?"

"Hili ni jingine. Lile liko nyumbani, kwenye beseni la kufua."

Afisa akafumba macho. Daktari akaniambia nipige simu papo hapo. Mke wangu akapokea.

"Lile shati la kazi umeshalifua?"

"Kwa maji gani? Mifereji haijatoa tone tangu juzi. Au ulitaka nilifue kwa mate?"

Simu yangu husema kwa sauti, na wote wakasikia. Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mwambie asiliguse," akasema, na afisa akamtuma askari Likoni kwenda kulichukua.

Kisha akarudi kwenye duara kubwa, lile la bilauri ya jamu. Akaliinamia kwa muda mrefu mpaka nikaanza kusoma dua.

"Hapa chini naona kitu," alimwambia afisa. "Lakini kikombe cha hijama kimeivuta damu juu, kimefunika. Siwezi kuapa mbele ya hakimu kwa kitu ninachokibahatisha. Alama za vikombe ziko juu juu, zitaondoka mapema. Kama kweli aligongwa na risasi kupitia fulana, kuna damu iliyovilia chini zaidi, na hiyo itajitokeza na kugeuka rangi. Arudi wiki ijayo." Akanigeukia mimi. "Mpaka hapo, baba, hakuna kuchuliwa, hakuna mafuta, hakuna maji ya moto, na hakuna vikombe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari."

Nilikuwa na swali moja moyoni, lakini afisa alikuwa amesimama pale, nami sikutaka aone kwamba mshukiwa wake ana upepo.

Hapo ndipo shida yangu ilipoiva. Maana nilipofika nyumbani, shangazi alikuwa ameshapanga bilauri kwenye sinia.

"Leo ni mapumziko," aliniambia, "nazisafisha tu. Keshokutwa tunamalizia."

"Tunamalizia nini tena, shangazi? Si ulishautoa?"

"Awamu ya kwanza ni kuuita. Ya pili ndiyo kuutoa. Ukiuita halafu usiutoe, umeukasirisha."

Hebu ione hali yangu. Nikibandikwa tena, alama itaharibika na nitakwenda jela. Nisipobandikwa, upepo uliokasirishwa utazunguka mwilini mpaka ukutane na moyo, na nitakufa kwa chafya. Nililala chali, mikono kando, kama maiti aliyekataa kufunikwa, nikitafuta njia ya tatu katika dari. Haikuwepo.

Nikachagua kuilinda alama. Niliilinda kuliko nilivyowahi kulinda kitu maishani. Nilioga kuanzia kitovuni kwenda chini. Nilivaa shati la marehemu baba, pana kama tanga, lisiniguse. Watoto walikatazwa kunikimbilia. Habari ilienea, na majirani wakawa wanakuja kutazama: kinyozi, muuza viazi karai, mwalimu wa madrasa. Niliwapokea barazani, nikafungua vifungo viwili.

"Tazameni kwa macho. Msiguse, hii ni ya serikali."

"Matairi yote yale umeshindwa kuyalinda," mke wangu alisema kutoka ndani, "leo walinda doa."

Alinitania mchana kutwa, huo ndio upendo wake. Lakini jioni moja, watoto wakiwa wameenda chuoni kusoma Kurani, alikaa karibu yangu akakunja kanga mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

"Wakisema hapana," akauliza, "watoto niwaambie nini?"

Kuna kuogopa kwa kelele, na hilo ni tamasha langu la kila siku. Huku kulikuwa kuogopa kwingine. Nikamwambia watasema ndiyo, inshallah. Akaitikia, akainuka kwenda kupika, na hakuna aliyemwamini mwenzake.

Siku ya awamu ya pili ilipofika, shangazi alikuja na sinia lake.

"Vua."

"Leo hapana, shangazi. Daktari amekataza."

"Daktari yupi? Yule wa maiti?" Akaweka sinia chini kwa kishindo. "Mimi nilikupokea ulipozaliwa, nikakukata kitovu kwa mkono wangu huu. Leo wamwamini mtu ambaye wagonjwa wake wote wamekufa?"

Hoja hiyo ilikuwa nzito, nakiri. "Shangazi, ukinitoa upepo, watanitia ndani."

"Na usipotolewa?"

"Basi nitakufa nikiwa shahidi, si mshtakiwa."

Alinitazama, macho yakamlowa. Akakusanya bilauri zake moja moja, akaondoka bila kuaga, na kwa siku kadhaa nilikuwa nikimsikia ng'ambo ya ukuta akikohoa kikohozi cha kunisuta.

Kilichobaki kilikuwa chafya. Nilikuwa nimezizuia zote. Nilipita mbali na duka la viungo, nilibana pua kila vumbi likipita, nilijifunza kupumua kama samaki. Kisha mke wangu akaamua kukaanga pilipili za achari. Moshi ukanikuta barazani sina pa kukimbilia. Nikaihisi inapanda, si chafya ya kawaida, chafya yenye mizigo.

"Watoto, laleni chini!" nikapiga kelele. Nikatoa shahada, nikashika nguzo, na ikatoka.

Kuku wa jirani walitawanyika. Paka alipanda ukuta ambao hajawahi kuupanda. Kisha kukawa kimya.

"Umekufa?" mke wangu akauliza kutoka jikoni.

"Bado."

"Basi njoo uniokotee kitunguu, kimebingirika chini ya meza."

Nilimwokotea. Lakini msidhani niliacha kuamini. Nilijiambia kwamba upepo siku ile ulikuwa mguuni, mbali na pua, na kwamba umenikosa kidogo tu.

Wiki ikaisha. Nikarudi kule ubavuni mwa mochari, na mtu wa mlangoni akanisalimia kama jamaa. Ndani walikuwepo daktari, afisa, na meneja, aliyekuja mwenyewe ili asikie ninavyoshindwa. Juu ya meza ilikuwa fulana imelazwa wazi, pembeni yake shati langu.

Daktari aliniambia nifungue. Nikafungua nikiwa nimefumba macho, maana kwa siku mbili nilikuwa siwezi kujitazama.

"Sasa nakuona," akasema.

Nikafumbua. Miduara ya shangazi ilikuwa imefifia, imebaki vivuli tu. Lakini juu ya moyo palikuwa na duara moja lililonenepa, manjano ukingoni, kijani ndani yake, na katikati zambarau iliyokolea. Lilikuwa na rangi kuliko bendera. Sijawahi kupenda kitu kibaya namna ile.

Daktari alianza na fulana. Aliigeuza upande wa ndani, akamwonyesha meneja palipobonyea. "Fulana ikipigwa ikiwa imeegemea ukuta, ukuta hauipi nafasi ya kuingia ndani. Hii imesukumwa ndani kama bakuli. Nyuma yake palikuwa na kitu laini."

"Labda waliweka gunia," meneja akasema.

"Labda. Gunia halina kifungo." Akavuta shati, akaonyesha kifungo cha mfuko wa kushoto, kimepasuka katikati. Akarudi kwenye fulana, na kwenye kitambaa cha ndani, pale pale palipobonyea, palikuwa na alama ya duara dogo. Kisha akaniinamia mimi na taa yake. Katikati ya zambarau palikuwa na kigaga kidogo cha mviringo, chenye vidoa vinne vya matundu ya uzi, kama vile mtu amenishonea kifungo mwilini.

"Fulana, shati na ngozi, vyote vitatu vinasema neno moja," daktari alisema. "Na gunia haligeuki kijani, bwana. Huyu alikuwa ndani."

Nikakaa. Afisa aliandika, akafunga kalamu. "Basi, mzee, wewe ni shahidi wangu. Nitakuita." Akanishika bega, lile la kulia, mbali na alama. Meneja alikohoa, akatazama saa yake, akasema, "Kesho usichelewe kazini," na mpaka leo hiyo ndiyo samahani pekee niliyoipata kwake.

Nikampigia mke wangu simu. Nilisema neno moja tu, "Wamekubali," na upande wa pili nikasikia vigelegele, vyake na vya shangazi pamoja.

Afisa na meneja walipotoka, nilibaki nikifunga vifungo polepole. Alama haikuhitaji tena kulindwa, jela imeondoka, kumebaki kifo. Nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Daktari, sasa huu upepo wa risasi niutoe kwa njia gani? Shangazi aliuita, lakini hatujautoa." Nikamweleza yote: chuma na upepo, yule askari wa Changamwe na chafya yake, nguvu isiyopotea niliyofundishwa shule ya jioni.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Akavua glavu, akazitupa kwenye pipa, akavua na miwani.

"Baba, risasi haina upepo. Fulana iliisimamisha, kishindo chake kikakugonga kifua mara moja, kikapasua mishipa midogo ya damu, na kikaishia hapo hapo. Ile nguvu unayoitafuta ndiyo iliyokutia hilo doa. Hakuna kitu kinachozunguka ndani yako, na doa litaondoka lenyewe. Lakini kishindo cha namna hiyo huweza kuvunja mbavu, au kuumiza mapafu na moyo, hata kama ngozi haikutoboka. Ndiyo maana mtu akipigwa risasi, hata akiwa amevaa fulana, huenda hospitali siku ile ile. Haendi kwa shangazi yake."